Sauti ya Kuazima

Mama aliyesimamia karakana yetu kabla yangu alikuwa na sauti ya kushinda cherehani ishirini. Akisema "Jamani, mashati!" kule mlangoni, fundi wa vifungo aliyekaa kona ya mwisho, ubavuni mwa mashine ya ovaloki inayonguruma kama pikipiki mbovu, alisikia na kuinua kichwa. Alicheka kwa sauti, akagomba kwa sauti, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mafundi walimpenda, na mimi nilimpenda. Miaka tisa nilikaa meza ya pili kutoka dirishani nikipima na kuandika daftari la kazi, naye akipiga kelele kwa niaba yetu sote.

Machi 2022 alirudi kwao Malindi kumwuguza mumewe. Tajiri akaniita, akanipa funguo na maneno matano: "Sasa wewe. Lakini paza sauti."

Karakana iko Uhuru Market, kando ya Jogoo Road, jijini Nairobi. Asiyepajua atapajua kwa masikio kabla ya macho: cherehani hazinyamazi, na sare za shule zimetundikwa hadi darini, za kijani, za buluu, za maruni. Kwetu tulikuwa mafundi 23, wengi wakilipwa kwa kipande. Umeshona mashati kumi, umelipwa mashati kumi. Mtu wa kipande hana muda wa hotuba. Kila dakika unayomsimamisha umemtoa shilingi mfukoni. Hilo nililijua vizuri, maana nami niliwahi kula kwa kipande. Lakini funguo zikishaingia kiganjani mtu husahau upesi.

Basi nikapaza sauti. Kila asubuhi saa mbili nilisimama pale pale aliposimama yeye, mikono kiunoni kama yeye, nikapiga makofi. Sauti yangu ni nyembamba. Nikiipandisha inapasuka juu kama ya jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Hata utani wake niliurudia, maneno yale yale, na watu wakanichekea kwa adabu. Sijui kama kuna kitu kinachouma kuliko fundi wa Nairobi akikuchekea kwa adabu. Ikifika saa kumi jioni sikuwa na koo wala kichwa. Nikawa mteja wa kila siku wa tangawizi. Kwenye matatu ya kurudi Umoja nilikaa dirishani nikafumba macho, nisije nikaonana na mtu anayenijua akataka mazungumzo. Nyumbani mtoto akiniita mara ya tatu nilifoka. Wageni wa kazini walipata kicheko changu cha kuigiza, na watoto wangu wakapata masalio.

Jumapili moja nilikwenda kwa mama, Majengo ya Pumwani, nikamweleza. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua macho.

"Ukiiga kunya kwa ndovu, mwanangu, utapasuka msamba."

Nilikasirika. Niliona hajui kazi ya kuongoza watu. Mwanamke aliyelea watoto sita na kuuza mahamri miaka thelathini kwenye mtaa ambao kila mlango una neno lake, mimi nikaona hajui kuongoza watu.

Msamba ulipasuka msimu ule wa Januari. Wanaoshona sare wanakumbuka Desemba ya 2022. Watoto wa kwanza wa Gredi ya Saba walikuwa wanangoja kujua watasomea wapi, na Serikali ilipotangaza kwamba sekondari msingi, yaani Gredi ya Saba hadi ya Tisa, itakuwa ndani ya shule za msingi, tulikuwa tumebakiwa na wiki chache tu shule zifunguliwe. Wakuu wa shule wakaanza kubadilisha sare ili wakubwa watofautiane na wadogo. Simu ikawa haipumui. Shule moja ikataka sketi za marinda 140, rangi mpya, kwa siku kumi na mbili.

Vipimo niliviandika mimi, na niliviandika nikiwa nimechoka. Shule ilitoa urefu wa sketi ukiwa umehesabu na mkanda wa kiunoni, mimi nikaunakili kisha nikautoa mkanda mara ya pili. Inchi mbili zikapotea. Mkataji wetu, mzee wa Machakos tuliyemwita Mzee Mkasi, alianza kukata, akasita. Akaja kwangu na karatasi. Nilikuwa katikati ya makofi, nawahimiza watu wa kola, nikamwambia kwa ishara ya mkono angoje. Akangoja, akarudi mezani. Akaja tena baada ya chai ya saa nne. Safari hii nikamkemea mbele ya watu wote, kwa ile sauti ya jogoo mchanga: "Mzee, kata! Siku zinakwisha!"

Akakata. Sketi 140, zote fupi, za wasichana wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu. Shule ikazirudisha siku ile ile.

Mzee Mkasi hakugomba. Alikunja kitambaa anachofungia mkasi wake, akaweka chaki mfukoni, akaja mezani kwangu wakati wengine wamekwenda kula. "Binti yangu," akasema, "nilikuja kukwambia mara mbili. Ulikuwa unapiga kelele." Akaenda zake nyumbani, na kwa siku nne hakurudi.

Zile siku nne nilikata mwenyewe. Mikono iliota malengelenge, lakini nitasema kweli ingawa ni aibu: zilikuwa siku zangu za raha kuliko zote za mwaka ule. Nilisimama mezani na jora la kitambaa, kimya, nikihesabu. Mtu akitaka jambo anakuja, tunazungumza wawili, anaondoka. Kazi ilikwenda. Hakuna aliyepigiwa makofi na kazi ilikwenda. Siku ya tano nilipanda basi hadi kwa yule mzee kumwomba radhi, na hayo mazungumzo ni yetu sisi wawili.

Februari chama chetu cha akiba na mikopo kiliandaa mafunzo ya siku mbili kwa wasimamizi wa kazi ndogondogo. Nilikwenda kwa sababu ya chakula, sitaficha. Mwezeshaji alitugawia karatasi ya maswali. Ukiwa kwenye sherehe unaongea na wengi au wachache? Unapenda jambo liamuliwe mapema au libaki wazi? Mwisho tukapewa kila mtu herufi nne, kama namba ya gari. Herufi yangu ya kwanza ilisema mimi ni mtu ambaye nguvu zake zinaelekea ndani.

Habari zenyewe ni za zamani. Carl Jung, daktari wa Uswisi, aliandika juu ya watu wa nje na watu wa ndani mwaka 1921. Mmarekani aitwaye Katharine Briggs akayachukua mawazo yale, na bintiye, Isabel Myers, akayageuza kuwa maswali ya karatasi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wote wawili hawakusomea saikolojia. Lililonifurahisha mimi ni jambo ambalo mwezeshaji hakulitaja, nikalisoma baadaye: Jung mwenyewe alifika hapa. Mwaka 1925 alipanda treni Mombasa hadi Nairobi akielekea Mlima Elgon, akatoka hadi kwenye mbuga za Athi kutazama makundi ya wanyama wakila majani kimya, na ule ukimya ukamwingia hata akauandika uzeeni. Kila ninapopita njia ya reli namkumbuka. Angeshuka leo Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, sijui angeandika nini.

Sitaki mtu adhani karatasi ile iliniponya. Niliijaza tena baada ya Ramadhani na herufi moja ikabadilika. Mimi sikubadilika, labda ni usingizi tu. Wanasaikolojia wengi wa leo hawapendi kumtia mtu ndani ya sanduku. Wanasema hulka ni kama urefu wa mwili, kila mtu ana kipimo chake na wengi wetu tuko katikati. Hilo nalielewa kwa kazi yangu. Ukishona sare za saizi tatu tu, nusu ya watoto watavaa nguo isiyowakaa.

Kisha mpwa wangu, aliyemaliza chuo na ana simu yenye kila kitu, akaniletea kubwa zaidi. "Mama mdogo, hujui aina yako ya nishati?" Kwangu neno nishati lilikuwa la umeme na makaa. Akanieleza kwamba kuna watu wa aina tano: waanzishaji, wazalishaji, wazalishaji wanaoanzisha, waelekezaji na waakisi, na kwamba kila aina ina njia yake ya kuongoza. Mwenye fani hiyo alikuwa Mkanada, Alan Krakower, aliyejiita Ra Uru Hu, akasema aliipokea kwa sauti iliyomjia kisiwani Ibiza mwaka 1987. Ili upate aina yako unatoa tarehe, mahali na saa uliyozaliwa.

Saa! Nikampigia mama.

"Ulizaliwa Pumwani, alfajiri, mvua inanyesha."

"Saa ngapi, mama?"

"Nimekwambia mvua inanyesha. Ningeangalia saa au ningesukuma?"

"Kabla ya adhana au baada?"

Akafikiri. "Ilikuwa inaadhiniwa. Au ilikuwa ile ya kuwaamsha watu daku. Mwulize babako kaburini."

Mpwa wangu akaingiza saa kumi, nikawa mwelekezaji, mtu wa kungoja aalikwe ndipo aongoze. Akaingiza saa kumi na mbili, nikawa mzalishaji, mtu wa kuitikia kazi na kuimaliza. Saa mbili za mvua zilitosha kunigeuza mtu mwingine. Tulicheka hadi machozi. Mimi ni mtoto wa Majengo, nyota na ramli nimezikuta, na nilimwona bibi yangu akimlipa mtu wa kutazamia kisha akafanya alilokuwa ameshaliamua. Yuko profesa mmoja wa Marekani, Bertram Forer, ambaye mwaka 1948 aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya hulka zao, akawaomba wayape alama. Wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja, maneno yale yale, mengi yametolewa kwenye kitabu cha nyota. Nikamsimulia mpwa wangu, akanuna kidogo.

Lakini kwenye yale yote ya simu yake kulikuwa na swali moja ambalo halikuhitaji saa ya kuzaliwa: kitu gani kinakumaliza, na kitu gani kinakujaza? Hilo lilinifuata hadi kazini. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa daftari, nikalifungulia daftari.

Kwa wiki mbili, kila nilipomaliza jambo niliandika saa, jambo, na alama: jumlisha au toa. Sikumwonyesha mtu. Nilidhani nitaandika kitu kimoja, kwamba watu wananichosha na upweke unanijaza, kama herufi zilivyosema. Daftari likanikana. Nilikuta kwamba kukaa kwenye kigoda pembeni mwa fundi mmoja, nikimtazama anavyoingiza mkono wa shati, tukizungumza mambo ya sindano na ya mtoto wake anayekohoa, kulikuwa jumlisha karibu kila mara. Watu hawanichoshi. Kinachonichosha ni watu wengi kwa pamoja wakinitazama mdomo. Simu zisizo na kichwa wala miguu zilikuwa toa. Kukatizwa katikati ya hesabu kulikuwa toa kubwa, na hasira zangu zote za wiki ile, nilipozifuatilia, zilitoka kwenye hesabu iliyokatizwa. Alfajiri hadi saa tatu asubuhi kichwa changu ni kisu kipya. Baada ya chakula cha mchana sina akili ya kupima hata leso. Zile sketi 140 niliziandikia vipimo saa tisa mchana. Nilirudi kwenye daftari la kazi nikaona wino wenyewe.

Hapo nilianza kubadilisha mambo, si yote kwa mpigo. Makofi ya saa mbili nikayaacha. Badala yake nilifika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya mashine kuwashwa, na kila fundi aliyeingia nilipita mezani kwake, dakika moja au mbili, kazi yake ya leo ni hii, una shida gani. Vipimo vyote nikaviandika asubuhi tu, na mkataji alikuwa na haki ya kukataa karatasi yoyote bila kunieleza kwanza. Aiweke tu mezani kwangu kifudifudi nami nitajua. Ubao mweupe ukatundikwa karibu na pasi: oda, idadi, siku ya kutoka. Aliyeona kosa alilifuta na kuandika sahihi, hata awe mwanafunzi wa wiki moja. Katika mwezi ule wa kwanza ubao ulisahihishwa mara kumi na moja, nane kati ya hizo zikiwa makosa yangu.

Mwezeshaji alikuwa ametuambia habari ya utafiti uliotoka 2011, wa Adam Grant, Francesca Gino na David Hofmann, waliotazama maduka 57 ya piza huko Marekani. Pale wafanyakazi wanapongoja kuambiwa, meneja mchangamfu msemaji alileta faida zaidi. Pale wafanyakazi wanapokuja na mawazo yao wenyewe, mambo yaligeuka, msemaji akawa kikwazo na mtulivu akafanya vizuri. Niliposikia niliandika pembeni mwa daftari jina la Mzee Mkasi, na chini yake: mara mbili.

Lakini karakana isiyo na kelele kabisa nayo ni mzigo. Saa nane mchana watu husinzia, na mimi ndiye wa kwanza. Fundi mmoja wa kola alihama, akawaambia wenzake kwamba hapa pamekuwa msikitini. Aliniumiza kwa sababu alikuwa na haki kidogo. Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri msichana tuliyemwita Kasi, mshonaji wa kaptura, ambaye kila wakati alikuwa akikemewa kwa kuongea. Nikampa mchana. Saa nane hadi saa kumi ni zake: redio ni yake, vichekesho ni vyake, kutangaza nani amefikisha idadi ni kwake. Siku ya kwanza alisimama juu ya kiti akatangaza matokeo kama ya kura. Kazi ya mchana ilichangamka bila mimi kufungua mdomo. Ilinichukua muda kukubali kwamba sikumwonea wivu. Kusema kweli nilimwonea, wiki kama mbili.

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema uongo, maana kosa langu la pili lilikuja baada ya kujijua.

Julai 2023 kodi ya mafuta ya gari ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Dola nayo ilikuwa imeshapita shilingi 140, na vitambaa vyetu vingi vinatoka ng'ambo. Tajiri akapiga hesabu zake, akaamua malipo ya shati yashuke kutoka shilingi 60 hadi 55. Aliniambia Jumatano mchana, saa tisa, akaniambia niwaambie watu. Sikumjibu neno. Nilirudi chini nikachukua kalamu, nikaandika ubaoni: Kuanzia Jumatatu, shati 55. Kisha nikaketi nikafungua daftari la oda.

Na nilijihisi sawa! Nilijiambia kwamba hii ndiyo njia yangu, mimi ni mtu wa maandishi, mabishano ya watu wengi yananimaliza, ninaongoza kwa hulka yangu. Maneno yote niliyojifunza yakaja kunitandikia blanketi.

Fundi wa vifungo, mama wa watoto watatu asiyeongea sana yeye mwenyewe, alikuja mezani kwangu jioni watu wakifunga mashine. Alisimama kidogo. Nilidhani anataka ruhusa.

"Dada," akasema, "yule mama angepiga kelele."

"Mimi siyo yule mama."

"Najua. Hatukukuomba upige kelele. Lakini ukimya wako leo ni shilingi tano kwa kila shati."

Akachukua mkoba wake. Nilikaa pale hadi mlinzi akaja kuuliza kama nalala. Siku ya Mzee Mkasi nilikuwa nimejificha ndani ya sauti ya mwenzangu. Siku hii nilikuwa nimejificha ndani ya hulka yangu, na maficho haya ya pili ni mabaya zaidi kwa sababu yana jina zuri na mtu anakusifu kwayo. Tangu siku ile, nikimsikia mkubwa wa kazi akisema "mimi ndivyo nilivyo", huwa natazama ni nani anayelipia.

Usiku ule nikafanya ninachokiweza. Nilitoa daftari, nikapiga hesabu ya mashati ya miezi sita, ya uzi unaopotea, ya vitambaa vinavyobaki mezani baada ya kukata, ambavyo tulikuwa tunavitupa ilhali wenye kushona mito na vikoi vya watoto wanavinunua. Nikaandika mistari mitano tu kwenye karatasi. Kisha nikamtumia tajiri ujumbe: naomba nikuone kesho saa moja asubuhi. Mchana angenikuta mtu mwingine, hilo daftari lilinifundisha, na kama nilikuwa nakwenda kugombana basi nigombane na kichwa changu kikiwa kisu.

Sauti ilitetemeka. Karatasi nayo ilitetemeka, nikaiweka juu ya meza ili isinifichue. Tajiri si mtu mbaya, ila ni mtu wa kukatiza, na kila aliponikatiza nilinyamaza, nikangoja amalize, nikarudi kwenye mstari ule ule nilioachia. Mara ya nne akacheka, akasema, "Wewe mwanamke ni kama jino." Tukatoka na shilingi 58, na pesa za masalio ya vitambaa ziende kwenye chai ya watu. Si 60. Niliporudi chini sikuandika ubaoni. Nilisimama, siyo mlangoni, bali katikati ya mashine, nikaomba zizimwe dakika tatu, nikawaambia nilichopata, nilichokosa, na kwamba jana nilikuwa nimewatupa. Wengine walinung'unika, na walikuwa na haki. Fundi wa vifungo aliwasha mashine yake wa kwanza.

Mwezi uliofuata shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu ya tarehe 28 kwa muhula wa tatu, kwa hiyo Ijumaa ya tarehe 25 tulikuwa kazini usiku, watu tisa, tukimalizia sweta na mashati ya shule mbili. Karibu na saa nne umeme ukakatika. Tulidhani ni soko, kisha tukadhani ni mtaa, kisha simu zikaanza kuingia kutoka Mombasa, kutoka Kisumu, kila mtu gizani. Nchi karibu nzima ilikuwa imezimika.

Mashine zikanyamaza zote kwa pamoja. Mtu akatoa kilio kidogo, mwingine akaanza kutafuta mlango. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa cha uongozi hata kidogo: nilikumbuka kwamba pasi mbili zilikuwa zimewekwa juu ya mashati, na umeme ukirudi tukiwa tumeondoka, soko litaungua.

"Mtu wa pasi, chomoa zote mbili, zisimamishe," nikasema. Kwa sauti ile ile ninayosemea mezani. "Wenye mikasi, wekeni mezani, msitembee nayo. Wengine kaeni mlipo hadi tuwashe simu."

"Tumesikia, binti," akajibu Mzee Mkasi kutoka gizani.

Tochi za simu zikawaka moja moja. Kasi akauliza kama nchi imekosa kulipa tokeni, watu wakaangua kicheko, akapanda juu ya kiti chake na hakushuka kwa saa nzima. Fundi wa vifungo akavuta kigoda, akatia uzi kwenye sindano ya mkono chini ya mwanga wa simu ya mwenzake, akaanza kushona vifungo vilivyobaki. Nami nikachukua daftari, nikakaa karibu naye, nikaanza kuhesabu. Yalikuwa yamebaki mashati 47.